Mbuzi ya Kufungulia Tairi

Siku yangu ya kwanza gerejini nilivaa tai. Msicheke. Nilikotoka mimi, mtu akienda kuanza kazi hujipamba kama anayekwenda kuposa, na mama yangu asingenisamehe kama ningeingia mahali pa watu kifua wazi. Basi nikasimama mlangoni mwa gereji ile ya pikipiki, nyuma ya maduka, si mbali na stesheni ya Rayners Lane, viatu vinang'aa, tai ya rangi ya samli shingoni. Mwenye gereji akaniangalia kuanzia juu kushuka chini, na ilikuwa safari ndefu, kwani mimi ni mrefu na yeye alikuwa mfupi.

"Wewe nakuja kufunga tairi ama nakuja kufunga ndoa?" akaniuliza.

Kwa Kiswahili! Nilikuja Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi ya kwetu visiwani, na tangu nifike hakuna mtu kazini aliyewahi kunisemesha kwa lugha yangu. Nilikuwa natoka kwenye bohari kubwa la matairi, upande mwingine wa mji, chini ya Formeni, msimamizi aliyekaa kitini kutwa akituita kwa kidole. Pale nilijifunza kubingirisha matairi na kuyapanga, basi. Kuyavua kwenye ringi hawakuniruhusu. Sasa huyu hapa mzee wa Kisingasinga, kilemba kimefungwa barabara, ananitania kwa Kiswahili cha Nairobi. Machozi yalinilenga, nikasingizia baridi.

Mimi na wateja wote tulimwita Mkubwa. Alikuwa fundi katika karakana ya reli huko Nairobi kabla hajaja huku Harrow na mkewe, ambaye tulimwita Bibiji. Bibiji ndiye aliyepokea wateja na kupika chai, chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuchoma koo. Mkubwa alikuwa na hasira za haraka zilizokwisha haraka, na Kiswahili chake hakikujali ngeli hata moja. Mimi nilikuwa nikimsahihisha. Yeye akasema Kiswahili changu kinafaa kusomea maulidi, si kuitia spana.

Siku hiyohiyo ya tai alinipa sheria ya gereji, naye akaisema amesimama wima.

"Hapa iko sheria moja tu. Fundi nabadilisha tairi peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Hapana ita mtu kushika. Hapana weza, enda nyumbani. Mtu yoyote. Mimi pia."

Ikumbukeni hiyo "mimi pia".

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu nyinyi wa leo mnapeleka gurudumu kwenye mashine, mashine inazunguka, mnakunywa kahawa. Tairi la pikipiki lina ukingo, yaani ule mviringo mnene wenye waya ndani, unaobana kwenye ringi. Likikaa miaka, ukingo hugandamana na ringi kama ukoko na chungu. Kwanza lazima uubandue. Kisha unaingiza vyuma vyako bapa, vile vya kupenyezea, unainua ukingo kidogo kidogo mpaka utoke nje. Siri yake iko upande wa pili. Katikati ya ringi kuna bonde, na ukingo wa upande ulio mbali nawe ukiusukuma uingie bondeni, upande ulio karibu nawe unapata nafasi ya kutoka. Asiyejua hilo atavuta mpaka ashushe ngiri, na tairi litamtazama tu.

Tulifanya kazi hiyo sakafuni, kwa magoti. Goti moja linakandamiza tairi, mkono wa kushoto unashika gurudumu lisikimbie, wa kulia unavuta chuma. Maji ya sabuni ya kutelezesha ukingo yalikuwa mpaka kwenye soksi. Nilipofaulu kubadilisha tairi langu la kwanza peke yangu, vidole vinavuja damu, Mkubwa hakunisifu. Alimwambia Bibiji aniletee chai kwenye kikombe cha mafundi badala ya kile cha wageni.

Halafu zikaja ringi za kumimina, za madini laini yanayong'aa, badala ya zile za spoki. Chuma chetu kikiteleza kidogo tu, ringi inapata kovu, na mwenye pikipiki anapata kichaa. Hapo ndipo tulipoanza kutengeneza vyombo vyetu wenyewe. Kununua Mkubwa hakutaka kusikia. "Kitu ya duka iko ya mtu mvivu," alikuwa akisema. Tulikata vipande vya chupa za plastiki za oili, tukavikunja, tukavivisha mdomo wa ringi ili chuma kisiiguse. Tulichukua pipa, tukalikata kimo cha meza, tukapasua mpira wa maji kwa urefu na kuuvalisha ukingo wa pipa, gurudumu likalala juu yake salama. Kwa kusawazisha gurudumu tulichomeka fimbo ya chuma kwenye tundu la ekseli na kuipumzisha juu ya beringi kuukuu nne. Upande mzito ukijishusha chini, unabandika kipande cha madini ya risasi upande wa juu. Kila chombo kilizaliwa kwa matusi ya Kipunjabi na vicheko. Ile ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote ya maisha yangu ya kazi, wala sioni haya kusema.

Siku moja Mkubwa alidondosha spana, akainama kuiokota, asiinuke. Kiharusi. Alikaa hospitali, kisha nyumbani, na gereji nikaishika mimi. Aliporudi, mdomo ulikuwa umeshanyooka na hasira zilikuwa pale pale, ila mkono wa kushoto ulimning'inia. Vidole viliweza kukunjika, nguvu haikuwamo.

Hakusalimia mtu. Alivaa aproni yake, akachukua gurudumu, akapiga magoti. Nilijifanya nasugua kabureta. Akaingiza chuma cha kwanza, sawa. Alipoingiza cha pili, gurudumu likazunguka, mkono wa kushoto ukashindwa kulizuia, chuma kikafyatuka na kwenda kupiga mlango wa bati. Akaanza upya. Kikafyatuka tena. Akakaa sakafuni, ndani ya maji ya sabuni, akiutazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

Niliinuka kwenda kumshikia gurudumu. Akanitolea jicho.

"Hapana shika! Sheria iko sheria." Akavua aproni, akaitundika msumarini. "Mwisho ya mwezi mimi nafunga gereji. Wewe natafuta kazi ingine, Fundi."

Nikamwambia kwamba yeye si mfanyakazi, ni mwenye gereji, na mwenye gereji anaweza kukaa kitini akatoa amri. Mnajua alinijibu nini? "Kumbe mimi Formeni?" Nilikuwa nimemsimulia mambo ya bohari miaka mingi nyuma, naye alikuwa ameyaweka moyoni.

Jioni Bibiji alinisindikiza hadi kwenye kona, shali kichwani. "Fundi, huyu akikaa nyumbani atakufa," aliniambia. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mumewe. "Anaamka alfajiri, anavaa viatu, anakaa. Lakini usimwambie nimesema. Hatakusamehe, wala mimi hatanisamehe."

Nilikwenda nyumbani moyo umenivimba. Mke wangu, Zuwena, alikuwa jikoni anakuna nazi kwa wali wa kesho. Nazi zake alikuwa akizifuata mpaka Tooting, za karibu hazimridhishi. Alikuwa amekalia mbuzi, ile tuliyopewa na mama mkwe. Mnaijua nyinyi? Kigoda cha mbao cha kukunja, mbele kimechomoza ulimi wa chuma wenye meno. Nikakaa namtazama, naye akaniuliza nimeona nini leo ambacho sijakiona miaka yote hii ya ndoa.

Nilichokiona ni hiki: mbuzi haishikwi, hukaliwa. Uzito wako mwenyewe ndio unaoituliza, na mikono inabaki huru kwa kazi. Mkubwa hakukosa mkono wa kuvutia chuma. Alikosa mkono wa kushikia gurudumu tu. Sasa kama angelikalia?

Lakini jamani, kutengeneza chombo lilikuwa jambo dogo. Utamwambiaje mtu mzima, mwalimu wako, kwamba umemtengenezea chombo cha wasiojiweza? Kwetu mtu husitiriwa. Ukiona nguo ya mkubwa imepasuka, humwonyeshi kidole. Unamkaribisha kiti akae, mpasuko ujifiche wenyewe. Nikalala nalo, na asubuhi nikaingia gerejini nimepinda, mkono kiunoni.

"Mkubwa, mgongo umenitoka," nikamwambia. "Siwezi tena kupiga magoti. Kabla hujafunga, nisaidie nitengeneze chombo cha kubadilishia tairi nimekaa. Kule nitakakoandikwa kazi nitakwenda nacho."

Aliutazama mkono wangu kiunoni. Kisha akauliza chombo gani, nikamchorea kwa chaki sakafuni. Dakika ile ile akaanza kunitukana kwamba nimekosea kila kitu, na mimi moyoni nikasema Alhamdulillahi.

Tukaijenga kwa vyuma chakavu. Kiti kilikuwa ubao mnene juu ya miguu ya fremu ya pikipiki iliyokufa. Mbele yake tulichomelea nguzo fupi ya chuma iliyosimama wima, na chini ya nguzo ringi ya gari iliyovalishwa mpira wa maji. Gurudumu linalala juu ya ringi ile, nguzo inapita kwenye tundu la ekseli, na nati moja kubwa inakaza kila kitu kwa mkono mmoja. Kwa mguu wa kulia unakanyaga pedali, na pedali inashusha kiatu cha chuma kinachobandua ukingo wa tairi. Badala ya vyuma viwili vya mkononi tulikuwa na mtaimbo mmoja mrefu, ncha yake tumeikunja kama ulimi na kuivisha plastiki. Ulimi unaingia chini ya ukingo, mtaimbo unaegemea nguzo, unauzungusha, tairi linatoka kuzunguka ringi nzima. Kazi ya mkono mmoja.

Kimo cha kiti nilikipima mwenyewe, wakati Mkubwa ameondoka, kwa kigoda chake cha kunywea chai.

Msifikiri iliinuka ikafanya kazi siku ile ile. Mara ya kwanza kiti kilikuwa chepesi, na mtaimbo ulipovutwa mimi na kiti tukazunguka badala ya tairi. Mara ya pili pedali ilirudi kwa nguvu na kuirusha birika ya Bibiji hadi uani. "Hii hapana mbuzi," Mkubwa akasema, "hii punda, napiga teke." Tukaongeza uzito nyuma ya kiti, tukabadilisha springi ya pedali. Kila nilipoijaribu ilinibidi nigune na kujishika kiuno. Zuwena aliniambia kwamba nimeanza kuguna hata usingizini.

Ila Mkubwa mwenyewe hakuikalia. Alikagua, alipiga tupa kwa mkono mzima, alitoa amri. Mwezi ukawa unayoyoma, bango la kufunga gereji liko tayari nyuma ya mlango, naye hajaweka matako juu ya kile kiti. Nilianza kukata tamaa.

Zikiwa zimebaki siku chache akaja mmoja wa wale madereva wa pikipiki wanaopeleka vifurushi mjini, mteja wetu wa miaka, tairi la nyuma limetoboka na vifurushi vinamsubiri. Ringi ya kumimina, tairi gumu, ukingo umegandamana. Nikalibeba gurudumu, nikafika nusu ya njia, nikatoa yowe.

"Mgongo!" nikalia. Nikajilaza juu ya benchi chali, nikafumba macho. Mwenyezi Mungu anajua nililia vizuri. Mteja alitaka kuita gari la wagonjwa.

Treni ya Metropolitan ikapita, vikombe vikagongana rafuni. Kisha nikasikia aproni inatolewa msumarini.

Nikafumbua jicho moja. Mkubwa amekaa kwenye mbuzi, nyayo zake zimetulia sakafuni sawasawa, gurudumu limekazwa mbele yake. Akakanyaga pedali, na ukingo ukabanduka kwa mlio wa kitambaa kinachochanika. Akaligeuza, akakanyaga tena. Akapaka sabuni. Akaingiza ulimi wa mtaimbo, akauzungusha, na tairi likatoka. Yote mkono mmoja. Lakini kuvua ni nusu ya kazi. Kurudisha ndiko kuzito. Tairi jipya liliingia vizuri mpaka robo ya mwisho, kisha mtaimbo ukakwama. Akavuta. Mshipa ukamsimama shingoni. Akavuta tena, haukusogea.

Mimi nikasahau ugonjwa wangu. Nilishaketi, mguu mmoja uko chini, nataka kuruka kwenda kumsaidia. Bibiji, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na chai, akanishika bega.

"Lala," akaninong'oneza. "Mgongo."

Nikalala. Sijawahi kulala vibaya namna ile.

Mkubwa akauachia mtaimbo, akapumua. Akatazama upande wa pili wa tairi, akacheka peke yake. Akainua goti la kushoto, lile la upande wake mbovu, akalilaza juu ya tairi, akalikandamiza kwa uzito wake, na ukingo ukaingia bondeni. Kisha akauzungusha mtaimbo kama anayekoroga chai, tairi likaingia lote. Akatia upepo. Tairi linapokaa mahali pake hulia mara mbili, upande mmoja kisha wa pili: pa! pa! Sijasikia ngoma iliyonifurahisha zaidi maishani mwangu.

Mteja akaenda zake. Mkubwa hakuivua aproni. Alilichukua lile bango nyuma ya mlango, akalitandika chini ya birika isichafue meza, akaniambia bila kunigeukia, "Kesho saa mbili, Fundi. Hapana chelewa na mgongo yako."

Gereji haikufungwa. Ilidumu miaka mingi zaidi, na mbuzi yetu ikawa maarufu kwa madereva wa vifurushi. Mimi niliendelea kuikalia na kuguna mara mojamoja, kulinda heshima ya uongo wangu, ingawa ilikuwa fupi mno kwangu.

Siku aliyostaafu, kwa hiari yake na kwa miguu yake, Mkubwa alinitaka niichukue mbuzi niende nayo.

"Fundi, mgongo yako namna gani?"

"Mzima, Mkubwa."

"Miaka yote iko mzima. Mimi najua." Akakipigapiga kile kiti. "Hii iko kimo ya mimi. Wewe nakaa, magoti nafika masikio."

Nikaona haya, mzee mzima. Nikamuuliza mbona siku zote hizo hakusema.

"Wewe nasema mgongo nauma. Mimi nasema nini? Mtu mzima nasema nauma, basi nauma."

Tukakumbatiana, sabuni na oili na ndevu. Ameshatangulia sasa, na Bibiji amemfuata. Ninawaombea kila mmoja kwa jina, na sidhani Mungu anachagua lugha.

Baada ya hapo nilimalizia utumishi wangu katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi. Mkuu wa Karakana, mtu mwema, alisema mbuzi yangu haina cheti cha usalama, akaipiga marufuku. Nikaileta nyumbani, nikaiweka kwenye kibanda cha uani, na nilipostaafu nikawa nabadilisha humo matairi ya jamaa na majirani, mpaka mikono nayo ikaanza kutetemeka. Mwaka jana nikaacha. Nilisema kibanda kina baridi. Vijana, mkiuliza kazi imenifunza nini, sina hekima kubwa ya kuwapa. Chombo kizuri ni kile kinachomwacha mtu aseme, "Nimefanya mwenyewe." Mengine mtayaona kwenye simu zenu.

Mjukuu wangu Salma ni nesi, na kazini huenda kwa pikipiki. Kubadilisha tairi nimemfundisha mimi mwenyewe, na ana nguvu kuliko nilizokuwa nazo ujanani. Jumamosi iliyopita alikuja, amebeba gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja kutoka barabarani, akapita nalo sebuleni, jikoni, mpaka uani, Zuwena anampigia kelele za zulia. Akalitua mbele yangu.

"Babu, wrist yangu inauma today," akasema, akijishika kifundo cha mkono. "Siwezi hii tairi. Please, unaweza kunifanyia?"

Nikautazama mkono wenyewe. Ndio uleule uliobeba gurudumu. Nikamtazama usoni, naye akaangalia pembeni, akaguna kidogo. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za mgongo wangu.

Nikafungua kibanda, nikaifuta vumbi mbuzi, nikakaa. Mgongo wangu siku hizi umepinda kweli, na kile kiti, ambacho miaka yote kilinikunja kama kisu cha mfukoni, kilinipokea sawasawa, nyayo zimetulia chini. Nikaukamata mtaimbo. Nikamwambia Salma avute kigoda akae karibu yangu, aupumzishe mkono wake, asije akauumiza zaidi.